Maswali ya Wasomaji: Mshipi, Upepo na Maji ya Kusini

Barua nyingi safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, au kwa watu wanaojiandaa kwenda huko na fimbo ya kuvulia. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamooni wazee wa safu. Likizo yangu ni Julai, ila naweza kuisogeza hadi Desemba. Nataka kuvua kwa fimbo Mtwara, hasa sulisuli na jodari. Nije lini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Kwa samaki uliowataja, Julai siyo. Huo ni moyo wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Alfajiri umande wa nchi kavu huituliza bahari na mtu akadanganyika, lakini ikifika saa 4 au saa 5 asubuhi kusi imeshasimama, na nje ya mwamba mawimbi ni ya mita 2 na zaidi. Boti ya faiba ya mita 7 yenye mashine moja haina kazi huko. Maji nayo yamepoa. Machi yanafika nyuzi joto 29 hadi 30, Julai na Agosti yanashuka hadi 25 au 26.

Hata hivyo Julai si mwezi wa kukaa na kupiga miayo. Mtwara ina bahati ya kijiografia: ghuba zake zimejikunja ndani ya nchi, na kilindi kiko karibu sana na ufukwe. Ghuba ya Mtwara inayokingwa na rasi ya Msanga Mkuu, na ghuba ya Mikindani, zote huvulika kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi hata kusi ikiwa kali. Utapata kolekole, tengesi na changu. Fimbo nyepesi yenye mshipi wa nguvu ya kilo 8 hadi 10 inatosha.

Ukiweza kusogeza likizo, tungekushauri usiisogeze hadi Desemba yote. Lenga kati ya wiki ya mwisho ya Oktoba na wiki ya pili ya Desemba. Hapo ni mwisho wa demani na kuingia tanga mbili: kusi imechoka, kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, bado haijakaa sawa, na kuna siku nzima bahari inalala kama mafuta. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, nazo huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo mito bado haijachafua maji. Jodari na nguru wanakuwapo, na sulisuli wanaanza. Januari na Februari ndiyo miezi ya sulisuli wengi, nduaro na fulusi, ila mchezo wakati huo unategemea mto umefanyaje. Tazama jibu la msomaji wa Lindi hapo chini.

Kuhusu kaskazi kuna jambo wageni hawalijui. Mkondo mkubwa wa bahari katika pwani yetu hukimbia kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vinakwenda njia moja. Mawimbi ni makubwa lakini marefu. Wakati wa kaskazi upepo unakuja uso kwa uso na mkondo, na wimbi linakuwa fupi, lililosimama wima, linalopiga boti kama nyundo. Kaskazi ya huku si kali kama ya Tanga au Lamu, lakini upepo wa wastani tu dhidi ya mkondo unatosha kujaza maji omo, yaani mbele, ya boti ndogo. Ukienda mbali, panga safari ili kurudi kwako kusiwe ndiko kwenye kupambana na wimbi hilo jioni.

Aprili na Mei tusingemwita mgeni. Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, karibu kabisa na mpaka wetu, Aprili 2019. Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa maneno yanayojulikana: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ukisikia maneno hayo yakiambatana na Mtwara au Lindi, fimbo ibaki ukutani.

SWALI: Ndugu zangu, tunarambaza, yaani tunaburuta chambo nyuma ya boti, kutwa nzima nje ya Mikindani. Nguru wapo, maana chambo kinarudi kimekatwa mkia safi kama kwa kisu. Mara nyingine mshipi wote unaondoka. Tunakosea wapi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Mmeeleza vizuri, na alama ya kisu ndiyo jibu lenyewe. Nguru hamezi kwanza. Anakuja kasi kwa nyuma, anakata mkia ili windo lishindwe kuogelea, kisha anageuka kula kilichobaki. Ndoana yenu imekaa tumboni mwa chambo, naye anauma sentimita 8 nyuma yake.

Dawa ni ndoana ya pili. Ya kwanza iwe 6/0, ya nyuma 4/0 au 5/0, ziunganishwe kwa waya wa sentimita 8 hadi 12 kulingana na urefu wa chuchunge au kibua mnayemtumia. Ya nyuma ichomeke kidogo tu kwenye ngozi karibu na mkia; ikizama ndani ya nyama, chambo kinapinda na kuanza kuzunguka.

Mshipi kuondoka wote ni habari ya waya. Nailoni tupu mbele ya meno ya nguru ni uzi wa kushonea. Tumieni waya mmoja mgumu, siyo uliosokotwa, wenye unene wa milimita 0.45 hivi na urefu wa sentimita 40 hadi 50, wa rangi ya kahawia. Waya unaong'aa, au pete ya kuzunguka inayong'aa, humvutia nguru wa pili aje aume hapo hapo wakati wa kwanza yuko kwenye ndoana, na hapo mnapoteza samaki, waya na ndoana kwa pigo moja. Pete iwe ndogo na nyeusi.

Sasa namna ya kufunga, maana wengi huzungusha waya juu ya waya na kuridhika. Pitisheni ncha kwenye tundu la ndoana, mwache mkia wa sentimita 10. Baneni kitanzi kwa koleo. Pande mbili za waya zipanueni zikae kama herufi X, kisha zizungusheni zote mbili kwa pamoja, kila mmoja umzunguke mwenzake, mara 4 au 5. Hiyo ndiyo sehemu inayobeba uzito. Ikiwa waya mmoja umenyooka na mwingine ndio unaouzunguka, fundo litateleza samaki akivuta. Baada ya hapo nyoosheni waya mkuu, na mkia uviringishwe juu yake kwa pembe mraba, mara 5 au 6, mizunguko ikilaliana bila nafasi kama springi. Mkia unaobaki msiukate kwa koleo. Upindeni uwe kama mpini mdogo, uzungusheni mbele na nyuma mpaka uvunjike wenyewe. Waya uliokatwa kwa koleo unaacha mwiba, na mwiba huo utauona mkono wa anayemshika samaki pale ubavuni mwa boti.

Chambo nacho kina maandalizi. Chuchunge alazwe kwenye chumvi ya mawe usiku mzima ndani ya sanduku la barafu, nyama ikaze. Vunjeni ule mdomo mrefu, fungeni kinywa kwa waya laini wa shaba ili maji yasiingie. Kabla ya kukiachia, kishusheni ubavuni na kukitazama kwa nusu dakika. Chambo kinachoogelea kimenyooka kinaliwa. Kinachojisokota kama parafujo kinawapotezea mafuta na kuharibu mshipi.

Mwendo uwe kilomita 7 hadi 10 kwa saa. Kama hamna kifaa cha kupimia, tupeni kifuu cha nazi majini omoni na mhesabu mpaka kipite tezi, nyuma ya boti. Kwa boti ya mita 7, sekunde 3 ni zaidi kidogo ya kilomita 8 kwa saa. Mishipi miwili au mitatu inatosha, iachwe mita 15, 25 na 40 nyuma, isilingane. Nguru akipiga na asishike, msivute kwa hasira: legezeni mshipi kwa hesabu ya 1 hadi 4, chambo kizame kama kilichojeruhiwa, kisha kazeni. Mara nyingi ndipo anaporudi.

Breki ya rili ipimwe nchi kavu kwa mzani wa kuning'iniza, ikiachia mshipi kwa robo hadi theluthi ya nguvu yake. Mshipi wa kilo 15 uachie kwa kilo 4 hadi 5. Kukaza kwa kubahatisha wakati samaki anakimbia ndiko kunakokata.

SWALI: Tangu mwishoni mwa Januari ghuba yetu imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Samaki wa juu wamepotea kabisa. Tusubiri mpaka lini? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Mto Lukuledi unamwagika ndani ya ghuba yenu, kwa hiyo mvua ya bara mnaiona majini. Kwa wenzenu wa Mtwara mkosaji ni Ruvuma, mto mkubwa zaidi, na kwa kuwa mkondo unaelekea kaskazini, tope lake hupanda kuelekea Msimbati badala ya kushuka Msumbiji. Nguru, jodari na sulisuli huwinda kwa macho. Hawana sababu ya kukaa mahali wasipoona.

Lakini hawakwenda mbali, na msisubiri. Tafuteni mstari. Maji ya mto ni mepesi, hayachanganyiki mara moja na ya bahari. Mnapokwenda nje kuna mahali rangi inabadilika ghafla, upande huu kahawia, upande ule buluu, na katikati pana povu, mwani, majani na vipande vya magogo. Dagaa na vibua hujificha pale, na wakubwa wanapita upande wa buluu wakipiga doria. Rambazeni sambamba na mstari huo, mita 20 hadi 50 ndani ya maji safi, msiukate huku na huko. Mkiona gogo linaloelea peke yake, lizungukeni kwa mbali. Fulusi hupenda kukaa chini ya kivuli cha namna hiyo, na ukimnasa mmoja mwache ndani ya maji kidogo kabla ya kumpandisha, maana wenzake humfuata hadi ubavuni mwa boti.

Gogo hilo hilo ndilo adui wa mashine. Mmoja akae omo akitazama mbele, na kabla jua halijapanda msiende kasi. Pangeni na mafuta kwa theluthi: ya kwendea, ya kurudia, na ya akiba. Mstari husogea, na mtu huufuata akasahau.

Maji yakipwa, tope linasukumwa nje na mstari uko mbali. Yakijaa, maji safi yanaingia tena ghubani. Asiye na boti ya kwenda mbali avue ndani katika saa 2 za mwisho za kujaa, mahali penye mwamba karibu na mlango wa ghuba. Ndani kabisa kwenye tope atapata hongwe kwa chambo cha kamba, maana huyo hutafuta kwa harufu. Amshike kwa koleo: miiba yake mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, ina sumu na inauma siku nzima.

SWALI: Mnasema maji kujaa, maji kupwa, na sisi wa bara hatuna chati. Tunahesabuje? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Kwa mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi. Katika siku hizo pwani yetu hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku ongeza dakika 50. Baada ya siku 7 mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa 4 na kupwa karibu na saa 10, na ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Huu ni ukadiriaji wa kupangia safari. Mwenye boti kubwa atumie chati.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo katika sehemu 12: saa ya kwanza yanapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3.6 ni sentimita 30, kisha 60, 90, 90, 60 na 30. Katika zile saa mbili za katikati mkondo kwenye milango ya mwamba ni mkali mno. Chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) la gramu 300 linaelea kama jani na mshipi unalala badala ya kusimama. Wanaorambaza wanapenda bamvua. Wa mshipi wa chini kwenye kilindi tungewaambia waende siku za maji mafu, au bamvua ikiwa ndiyo siku yao, wavue nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kusimama.

SWALI: Je, ni kweli mwezi mpevu samaki hawali? (Msomaji, Newala)

JIBU: Wanakula usiku, wakiona vizuri, na mchana wameshiba. Nenda alasiri.

SWALI: Nataka kuvua kwa fimbo Msimbati na Ruvula. Kuna anayesema ni marufuku, kuna anayesema ni ruhusa. (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Wote wana nusu ya ukweli. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Hifadhi imegawanywa kanda, na kinachoruhusiwa katika kanda moja kinaweza kukatazwa katika nyingine. Fika ofisi ya hifadhi kabla ya kushusha boti, lipa kiingilio, omba kuonyeshwa kanda kwenye ramani, na uulize leseni ya uvuvi wa burudani, ambayo ni kitu tofauti na kiingilio. Nje ya hifadhi anzia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Kasa, nguva na potwe hawaguswi popote. Kasa akinaswa, kata mshipi karibu na ndoana, usimpandishe kwa kumvuta.

SWALI: Tulimnasa chewa mkubwa mita 40 hivi, tukataka kumrudisha kwa kuwa hatukumhitaji. Utumbo ulikuwa umetokeza mdomoni, akabaki anaelea. Tuutoboe? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Msiutoboe. Kinachotokeza ni tumbo lake la chakula, limesukumwa nje na kibofu cha hewa kilichovimba. Chini, hewa ile imebanwa. Mnapomvuta juu inapanuka, na kutoka mita 40 hadi juu inakuwa mara 5. Kutoboa tumbo ni kumuua polepole.

Mrudisheni kwenye kina, bahari ifanye kazi yake. Chukueni ndoana kubwa, sageni kile kijino chake mpaka iwe laini, ifungeni chubwi la kilo 2 au 3 upande wa tundu, na mshipi upande wa mgongo wa ndoana ili ncha itazame chini. Ichomekeni kwenye utando mwembamba wa mdomo wa chini, mshusheni haraka hadi mita 20 au zaidi. Shinikizo linarudisha hewa na tumbo mahali pake. Mkivuta mshipi ghafla, ndoana isiyo na kijino inachomoka na samaki anabaki huko. Yote yaishe ndani ya dakika 2 au 3, akiwa amelowa. Chewa aliyekaa juani akipigwa picha harudi hai.

Kwa kuwa mko Kilwa: silikanti, yule samaki wa kale aliyenaswa upande wenu mwaka 2003, hutoka kilindi kirefu zaidi, mara nyingi kwenye jarife. Huyo analindwa kimataifa. Akitokea kwenye mshipi, taarifa ipelekwe kwa ofisa uvuvi siku hiyo hiyo, na samaki asiuzwe.

SWALI: Jodari tuliyemvua wenyewe Februari alikuwa hajanuka kabisa. Tulipomla mdomo uliwasha kama pilipili, nyuso zikawa nyekundu na kichwa kikauma. Alikula nini huyu samaki? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Hakula kitu. Alikaa kwenye joto. Nyama ya jodari, nguru, vibua na fulusi, ikiachwa bila barafu, bakteria huigeuza sehemu yake kuwa histamini. Haina harufu, na moto hauiondoi: kukaanga, kuchemsha, kuweka ndimu, vyote haviisaidii. Februari hewa ya ndani ya boti inafika nyuzi 32 au zaidi, na jodari ana damu ya moto kuliko samaki wengine, naye akipigana nusu saa nyama inazidi kupata joto. Kumfunika kwa gunia lililoloweshwa hakutoshi.

Akipanda, mpigeni kichwani mara moja. Kateni nyuma ya pezi la ubavuni, kina cha sentimita 2, pande zote mbili, na mishipa ya mashavu, damu itoke dakika 5. Toeni matumbo na mashavu, osheni kwa maji ya bahari safi, kisha mtumbukizeni kwenye rojo la barafu: sehemu 2 za barafu kwa sehemu 1 ya maji ya bahari. Rojo linamgusa kila upande. Barafu ya mabonge isiyo na maji inaacha nafasi za hewa na upande mmoja unabaki na joto. Kwa safari ya mchana wa kaskazi chukueni kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya samaki mnayotarajia, na mkiishiwa barafu acheni kuvua.

Dalili mlizoeleza kwa kawaida huisha ndani ya siku moja, lakini anayebanwa kifua au kuvimba midomo aende hospitali bila kungoja. Nyama iliyobaki itupwe, na paka asipewe.

SWALI: Ufukweni usiku kitu kinakata nailoni juu ya ndoana, hakivuti hata kidogo. Ni nguru mdogo? (Msomaji, Mchinga)

JIBU: Nguru angevuta. Huyo ni bunju, anakata kwa meno yake manne kama koleo. Weka waya wa sentimita 10, sogea mita 50 mbali na nyasi bahari, na ukimnasa usimpelekee mtu yeyote jikoni, maana ana sumu.